Mke Mwenza wa Ndooni

Kila walipomwunganisha mkewe na mashine ya kusafisha damu, baridi ilimpiga. Si baridi ya kuombewa shuka hiyo. Ilikuwa baridi ya kugonganisha meno, ya kutikisa kitanda mpaka vyuma vinalia, na huko nje jua linawaka kama limetumwa. Muuguzi anaizima mashine, homa inapanda, mgonjwa anaanza kuongea na watu ambao hawapo. Mume amesimama pembeni kashika taulo, hajui alipeleke wapi.

Mume huyo kazini walimwita Mfugaji, na jina lilimganda hivyo hivyo, hata mlinzi wa getini hospitalini alishalijua. Hakuwa na ng'ombe wala kuku. Alifuga bakteria. Usicheke, ndiyo kazi iliyomweka mjini miaka yote. Nyuma ya reli palikuwa na ghala la mafuta la zamani ambalo matangi yake yalivuja chini kwa chini, udongo ukawa mweusi na visima vya mtaa mzima vikanuka dizeli. Kampuni ikapewa kazi ya kuusafisha. Wanauchimba udongo, wanautandaza yadini, wanaunyunyizia maji yenye bakteria, wanaugeuza kwa makoleo, wanaufunika kwa turubai. Bakteria wanayala yale mafuta polepole, na mwisho wake udongo uleule unaota nyasi. Mfugaji ndiye aliyewakuza. Alikuwa na mbegu yao, kama vile mtu anavyokuwa na mbegu ya maziwa mgando, na kutoka kwenye mbegu hiyo alijaza tangi zima.

Ila mbegu ile ilikuwa na deko, jamani. Yadini umeme ulikatika ovyo. Pampu ya hewa ikizimika na usiku ukipoa, mbegu inakufa. Ilishakufa mara mbili, ikabidi kuagiza nyingine ng'ambo na kuisubiri miezi, na mara ya pili Mfugaji alilala akiangalia ukuta kama mtu aliyefiwa, hata chai hataki. Basi akaanza kuilaza nyumbani, kwenye ndoo ya bluu yenye kifuniko, imeviringishwa blanketi kuukuu, chini ya meza ya jikoni karibu na jiko. Kila asubuhi ilipata kijiko cha molasi na matone ya dizeli, wadudu wasije wakasahau kazi yao. Mkewe alipoiona mara ya kwanza alishika kiuno.

"Yaani umeniletea mke mwenza, tena ndani ya ndoo?"

Tangu siku hiyo ndoo haikuwa na jina jingine. "Mke mwenzangu kaamkaje?" "Mke mwenzangu kala?" Mume akiwa zamu ya asubuhi, yeye ndiye aliyeilisha na kuikoroga kwa mwiko wake wa pekee, huku anaisuta: "Wewe kazi yako kula tu, hata chombo kimoja huoshi." Mfugaji akisikia hayo kutoka chumbani alikuwa anacheka peke yake.

Halafu figo za mkewe zikagoma. Wakajaribu mishipa ya mikono, ikaziba. Wakajaribu upande wa kulia wa shingo, nao ukaziba. Mwisho wakampitishia mrija upande wa kushoto, ukatokeza kifuani chini ya mfupa wa bega, na daktari akawaambia wautunze kama mboni ya jicho kwa sababu pengine pa kuuweka pamebaki pabaya tu. Mke alilishika hilo agizo kama sheria. Alinunua kisanduku cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, akatia humo shashi na plasta za kufunikia mrija upya zile za hospitali zikilowa wakati wa kuoga, akakiweka kwenye rafu juu ya jiko ambako ni pakavu na hapafiki mende. Mtu mwingine kukigusa, ole wake! Hata mumewe alikuwa anakipita kwa adabu.

Sasa pamoja na adabu yote hiyo, homa imeingia na haitoki. Dawa ya kwanza ilishindwa, ya pili ikashindwa, ya tatu ile ghali nayo imeshindwa. Mgonjwa amekonda usoni na amevimba miguu, kwa sababu mashine ikizimwa kila mara maji hayatoki mwilini. Dada yake mkubwa alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya kitanda, mwanamke wa kauli nzito ambaye tangu harusi hakumpenda sana shemeji yake mwenye kunuka dizeli. Kila Mfugaji alipokaribia kitanda alimtazama mikono.

Mchana ule daktari alimwita korido, karibu na sinki la kunawia. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kusema taratibu, na alipoanza kusema taratibu zaidi ya kawaida Mfugaji akajua mambo yameharibika.

"Mzee wangu, nakuambia ukweli. Ile damu ya kwanza tuliyochukua, maabara waliotesha kitu. Wakaona ni mdudu wa udongoni na majini, wakadhani ni uchafu umeingia kwenye chupa, wakamtupa. Si uzembe sana, maana mdudu wa namna hii kwenye damu ya mtu ni nadra, hata mimi nimemsoma tu. Damu tuliyochukua baadaye ilikuwa na dawa ndani yake, inaota kwa shida. Hebu niambie, wewe unafanya kazi gani?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa maisha yake yote, na jibu lake lilikuwa tayari mdomoni pamoja na tabasamu lake. "Mimi nafuga bakteria wa kula mafu..." Tabasamu likafia njiani.

Daktari akalitaja jina la mdudu, lile refu la kitaalamu. Mfugaji hakuhitaji kufafanuliwa. Jina hilohilo lilikuwa limebandikwa kwenye tangi lake yadini, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Hao hawamdhuru mtu, daktari! Mimi nimewalamba! Wageni wakija yadini nachovya kidole nalamba, waone."

"Wewe ngozi yako nzima, kinga yako nzima. Hata ungekunywa kikombe huenda usingejua. Yeye ana mlango wazi kifuani unaokwenda moja kwa moja moyoni." Muuguzi akamwita daktari kwa sauti kutoka wodini. "Nisubiri hapahapa, usiondoke. Kuna kitu nataka kukuomba."

Lakini Mfugaji hakuwa anasikia tena. Hasira ilimpanda, hasira ya mtu aliyemlea nyoka akampa na blanketi. Alitoka pale nusu anakimbia, akapita geti bila kumjibu mlinzi, akafika nyumbani akiwa ameloa jasho. Jikoni ndoo ilikuwa imetulia chini ya meza, imejifunika vizuri, kimya kama haikufanya kitu. "Wewe!" akaipigia kelele, mtu mzima anaipigia ndoo kelele. "Wewe nilikulea mimi!" Akachukua dumu la klorini la kuoshea choo akamimina lote, likachemka povu la kijivu, harufu ikamkaba koo. Akaikokota ndoo uani, akaimwaga shimoni, akachoma blanketi, akachoma mwiko, akaisugua sakafu kwa klorini iliyobaki mpaka vidole vikachubuka. Alilia muda wote huo, na hakujua analia kwa ajili ya mke au kwa ajili ya nini.

Aliporudi hospitalini daktari alikuwa anamtafuta.

"Ulikwenda wapi? Nilikuambia usubiri. Sikiliza: hao bakteria wenu, unayo mbegu yao safi, isiyochanganyika?"

"Nilikuwa nayo nyumbani."

"Ahsante Mungu! Ilete sasa hivi. Maabara waijaribishie dawa zote tulizo nazo, kesho tujue ipi inawaua. Damu ya mkeo ikija kuota ndiyo itathibitisha, lakini hatuwezi kukaa tu kuisubiri. Mrija lazima niutoe leo, wamejibanza humo. Nikiutoa hana mashine, na bila mashine hana siku nyingi. Nikibahatisha dawa nikakosea, basi. Ile mbegu ndiyo..." Akavuta pumzi puani. Mikono ya Mfugaji ilikuwa inanuka klorini hadi korido nzima.

"Nimeiua," akasema Mfugaji.

Alipiga simu yadini akiwa ameegemea sinki. Tangi? Limeoshwa juzi, wanamsubiri yeye na ndoo yake. Udongo? Upo, mlima mzima. Akamwuliza daktari kwa macho. Daktari akatikisa kichwa: kwenye udongo mna aina maelfu kwa maelfu, kumchambua mmoja humo ni kazi ya wiki nyingi. Wiki nyingi hawakuwa nazo. Mfugaji akateleza na ukuta mpaka akakaa chini, kwenye sakafu ya hospitali, mtu wa heshima zake.

Shemeji, yule dada wa mgonjwa, alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na alisikia yote.

"Kwa hiyo kwanza umemletea ugonjwa," akasema, sauti chini kabisa, na kwa mwanamke yule sauti ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Halafu umekwenda kuimwaga dawa yake. Umemwua mdogo wangu mara mbili."

 

Ndipo walipomsikia mgonjwa anaita. Homa ilikuwa imempa nafasi kidogo, kama inavyofanya ikijiandaa kurudi kwa nguvu. Midomo imemkauka, lakini macho yalikuwa yake.

"Mzee wangu," akasema. "Mke mwenzangu kala leo?"

Mtu angeweza kudanganya hapo. Mfugaji alipiga magoti kando ya kitanda na akashindwa. "Mama, nimemmwaga. Nilipandwa na hasira. Nimemmwagia klorini, na daktari alikuwa anamhitaji kwa ajili yako. Nimeharibu, mama. Nimeharibu kila kitu."

Mke alimtazama. Halafu, amini usiamini, akacheka; kicheko kidogo kikavu kilichoishia kikohozi.

"Nilijua tu. Siku moja utamwua kwa mikono yako, halafu uje ulale unaangalia ukuta tena, mimi nianze kukubembeleza unywe chai. Nikamwekea akiba."

"Akiba gani?"

"Kichupa. Kila mwisho wa wiki nachota kidogo, namwaga cha zamani natia kipya, namlisha. Yupo." Akafumba macho, pumzi ikamtoka kwa tabu. "Kwenye kisanduku changu, pale rafuni. Nimekilaza juu ya shashi, kisigonge. Mahali pasafi kuliko pote nyumbani."

Daktari alikuwa amesimama nyuma yao. Yeye na Mfugaji wakatazamana. Mfugaji akaondoka.

Safari hii hakukimbia. Njia nzima alikuwa anaomba asikute alichokuwa anajua atakikuta. Jikoni bado kulinuka klorini. Akavuta stuli, akanyoosha mkono rafuni juu ya jiko, kwenye joto lile zuri ambalo mbegu inalipenda, akakiteremsha kisanduku ambacho hakuwahi kukigusa. Akafungua kifuniko.

Shashi zilikuwa zimepangwa kama nguo za mtoto mchanga. Juu yake kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi, kimefungwa kitambaa shingoni, nusu yake imejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa yenye povu. Bakteria wakishiba hutoa hewa. Ndiyo maana ndoo yake yeye ilikuwa na tundu kifunikoni. Hilo hakuwahi kumwambia mkewe, maana hakuwahi kuulizwa, na mkewe angemwulizaje bila kuitoa siri ya kichupa? Hewa ilikuwa imekisukuma kizibo kikalegea. Pembeni mwa kichupa palikuwa na doa la kahawia, pana kama kiganja, limezama kwenye shashi ya juu, na ya chini yake, na ya chini ya hiyo. Akainua moja akainusa. Molasi, na dizeli kwa mbali. Harufu ambayo yeye na mkewe walishaizoea miaka mingi, pua zao hazikuijali tena.

Yeye, daktari, shemeji, wote walikuwa wamefikiri ni mikono ya mume, au ndoo, au mwiko. Kumbe kila mrija ulipolowa, mkewe alinawa mikono vizuri kama alivyofundishwa, akafungua kisanduku chake cha pekee, akachukua shashi safi, akajibandika kifuani.

Mfugaji alikaa sakafuni na kisanduku mapajani. "Jamani, mke wangu," akasema kwa sauti, jikoni mle peke yake. "Jamani, mke wangu." Alitamani iwe ni mikono yake kweli. Alitamani hivyo kwa moyo wote.

Alipofika maabara, mtu wa huko alikipokea kichupa kwa mikono miwili, maana yeye ndiye aliyeitupa ile damu ya kwanza na tangu asubuhi hakuweza kumtazama mtu. Mfugaji akamvuta daktari kando akampa ile shashi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Nimekuletea uione, ujue mdudu alikopita. Lakini yeye asijue, daktari. Nakuomba. Akipona asijue, na asipopona..."

"Akiuliza?"

"Akiuliza, nitajibu mimi."

Jioni hiyo mrija ukatolewa. Kuanzia hapo mgonjwa hakuwa na mashine, na kila saa iliyopita ilikuwa inamjaza maji. Miguu ikavimba, kisha mapaja, kisha uso, macho yakabaki vijistari. Akilala chali anazama, kwa hiyo Mfugaji alimkalisha akamwegemeza kifuani kwake, mgongo wa mke kwenye tumbo la mume, na kila pumzi ya mke iliyokuwa inakoroma aliisikia ndani ya mbavu zake mwenyewe. Shemeji aliomba, akachoka kuomba, akalia, akaanza tena. Kesho yake jibu likaja. Dawa zote tatu alizopewa mwanzo, wadudu wa kichupani walikuwa wanaogelea humo raha mustarehe. Iliyowaua ilikuwa moja ya zamani, ya jamii ya salfa, ambayo madaktari siku hizi hawaikumbuki sana. Daktari akaipunguza kwa ajili ya figo zilizokufa, akamdunga mwenyewe kwa mkono wake, na baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kukaa.

Homa haikuondoka kwa heshima. Ilishuka, ikapanda, ikashuka, ikawadanganya, ikapanda tena. Kulikuwa na asubuhi moja ambapo mke alimshika mumewe kidole akasema, "Niache nilale sasa, nimechoka," na Mfugaji akamwambia, "Hulali! Ukilala nani atamlisha mke mwenzako?" na akaendelea kumtukana hivyo, kwa upendo na kwa woga, mpaka daktari alipoingia akasema damu imekuwa safi kiasi cha kujaribu. Wakamwekea mrija mpya kwenye paja. Pale pabaya palipobaki. Mashine ikawashwa, na wote watatu wakaukodolea macho mwili ule, wakisubiri kitanda kianze kulia.

Hakikulia. Maji yalianza kutoka, na uso wa mke ukarudi polepole.

Alipopata nguvu ya kukaa, swali lake la kwanza ndilo Mfugaji alilokuwa anaogopa.

"Hivi huyu mdudu alinipata wapi, na mimi nilivyokuwa najitunza?"

Shemeji alikuwa pale anamenya chungwa. Kisu kikasimama. Daktari, aliyekuwa anaandika miguuni mwa kitanda, hakuinua kichwa.

"Ni mimi," akasema Mfugaji. "Mikono yangu. Natoka kazini nakushika bila kunawa."

"Sikusema?" Shemeji alisimama, maganda yakamwagika. "Sikusema mimi? Mwanaume mchafu wewe! Ukitaka kumgusa mdogo wangu tena, unanawa mbele yangu, nione kwa macho yangu. Umesikia?"

"Nimesikia, shemeji."

Mke alimtazama mumewe kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyevunja chombo. "Mwache, dada. Hakukusudia." Kisha uso ukachangamka kidogo, ule uso wa kushika kiuno. "Lakini kichupa changu kilifaa, eeh?"

"Bila kichupa chako usingekuwepo."

"Unaona? Wewe ndoo yako unailaza chini ya meza, mende wanapita juu. Mimi niliweka mahali pasafi."

"Najua, mama," akasema Mfugaji.

Shemeji alikuwa bado amemnyooshea kisu, anamwonyesha sinki. Mfugaji akaenda kunawa.